Sifa, Sharti na Kigezo: Uhakiki wa Istilahi za Matangazo ya Ufadhili

Matangazo ya ufadhili wa mafunzo ya haki za binadamu yafasiriwapo kwa Kiswahili, aghalabu neno moja, masharti, hubebeshwa mzigo wa maneno matatu. Kasoro hii yaonekana ndogo, lakini athari zake humwangukia mwombaji: huenda akaacha kuomba nafasi anayoruhusiwa kuiomba, au akapoteza muda kwa nafasi isiyomhusu. Hapa tunakusudia kuyatenganisha maneno hayo.

Tuchukue mfano wa mpango wa ufadhili kwa watu wenye asili ya Afrika, ulioanzishwa mwaka 2011 na Ofisi ya Kamishna Mkuu wa Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, mjini Geneva. Matangazo yake yamemtaka mwombaji awe mtu mwenye asili ya Afrika aishiye ughaibuni, tena mwenye uzoefu wa kazi usiopungua miaka 4 katika mambo yahusuyo haki za watu hao. Hizo ni sifa, yaani hali aliyo nayo mtu kabla hajashika kalamu. Yamemtaka pia aambatishe barua ya shirika lake. Hilo ni sharti, jambo la kutimizwa. Hatimaye wateuzi huzingatia uwiano wa jinsia na wa kanda. Hicho ni kigezo. Kiko mikononi mwa mteuzi, na mwombaji hawezi kukitimiza kwa juhudi yoyote.

Wako wafasiri wapendeleao neno ustahili mahali pa sifa. Hatukubaliani nao. Katika Kiswahili, astahiliye kitu ni yule ambaye akinyimwa amedhulumiwa: mfanyakazi hustahili ujira wake. Lakini mwenye sifa za kuomba hajastahili kupewa. Amestahili kusikilizwa tu. Tukimwambia kwamba anastahili, kisha nafasi akapewa mwingine, ana sababu ya kuuliza mbona amenyimwa chake. Katika mafunzo ambayo kiini chake ni haki, utata huo haufai hata kidogo. Kwa hiyo twapendekeza sifa za kuomba, istilahi iliyo wazi na isiyoahidi kitu.

Yapo mengine mawili ya kutahadharishwa. Kwanza, mtu mwenye asili ya Afrika asifupishwe kuwa Mwafrika. Mwanafunzi wa Dodoma atajiona yumo, kumbe waliokusudiwa ni wale walioko Brazil, Kolombia, Marekani na kwingineko nje ya bara hili. Pili, haki za binadamu zisiandikwe haki za kibinadamu. Kiambishi ki- hapo huleta maana ya utu na huruma, kama katika msaada wa kibinadamu, hali haki hizi si hisani ya mtu yeyote. Tamko la Umoja wa Mataifa la mwaka 1948 lilieleza kwamba watu wote huzaliwa wakiwa sawa katika haki.

Basi mfasiri wa matangazo ya namna hii na aweke vichwa vitatu: Sifa za Kuomba, Masharti ya Maombi, na Vigezo vya Uteuzi. Hapo msomaji atajua kama aombe, aombe vipi, na kwa nini huenda asichaguliwe ingawa hakukosea lolote.