Rangi Huanzia kwenye Mkia wa Kitana

Mazungumzo ya rangi ya nywele saluni huishia kwenye kopo: la kampuni gani, namba ngapi, shilingi ngapi. Ninavyoona, mengi tunayolisifia au kulilaumia kopo huwa yameshaamuliwa kabla halijafunguliwa, tena na chombo cha bei ndogo kuliko vyote mezani: kitana chenye meno yaliyobanana upande mmoja na mkia mrefu uliochongoka upande wa pili. Meno hunyoosha tu. Mkia ndio unaopasua njia na kutenga fungu, na fungu ndilo linaloamua kila unywele utapata rangi kiasi gani na kwa muda gani.

Sababu iko kwenye kemia. Rangi ya kudumu huja kwa sehemu mbili: krimu, ambayo kwa kawaida huwa na amonia, na peroksidi ya asilimia 3, 6, 9 au 12. Zikichanganywa, amonia huvimbisha unywele na kufungua magamba yake. Peroksidi hupunguza weusi wa asili na papo hapo huunganisha chembe ndogo za rangi ndani ya unywele mpaka zinakuwa kubwa, zisiweze kutoka kirahisi. Kazi hiyo huanza pale rangi inapokorogwa bakulini, haingoji kufika kichwani, na rangi nyingi hupewa takriban dakika 30 hadi 45. Msusi akikoroga kwanza ndipo aanze kutafuta njia, kisogo kitaiva wakati panja ndiyo kwanza inaguswa, na rangi iliyobaki bakulini itakuwa imepungua nguvu. Akitangulia kugawa, njia moja kutoka paji la uso hadi kisogoni na nyingine kutoka sikio hadi sikio kupitia utosini, kisha robo zote nne zikabanwa kwa klipu, mkono wake unakuwa na kazi moja tu: kupaka. Wapo wanaosema kugawa kunapoteza muda wa mteja. Muda huo hutumika wakati ambao hakuna kinachoharibika. Muda wa kutafuta njia rangi ikiwa imeshakorogwa ndio wenye hasara.

Ndani ya kila robo, unene wa fungu ndio penye siri. Fungu la nusu sentimita likiinuliwa kwa mkia, brashi huligusa juu na chini na rangi hukutana katikati. Fungu nene la sentimita mbili hupakwa ngozi ya nje tu, na mvi za ndani hubaki kama zilivyokuwa. Mteja akiziona siku chache baadaye husema rangi imechuja, ilhali rangi haikuwahi kuzifikia. Kwenye blichi kosa hilo ni kubwa zaidi. Nywele zilizo karibu na ngozi hupata joto la kichwa na kung'aa upesi, ndiyo maana nywele ambazo hazijawahi kuguswa na dawa hupakwa urefuni kwanza, sentimita moja au mbili za shinani zikaachwa hadi mwisho. Na kwa kuwa nywele hukua takriban sentimita moja kwa mwezi, anayerudi baada ya miezi miwili anahitaji kupakwa mashina mapya tu. Blichi ikipanda juu ya ile ya zamani, nywele hukatika. Mpaka kati ya mapya na ya zamani hauonekani mpaka fungu liwe jembamba na limesimamishwa.

Kwenye foili, ustadi wa mkia huonekana waziwazi. Msusi akitaka mwangaza laini, huupenyeza mkia juu na chini ya fungu jembamba, kama mfumaji anayepitisha ukindu, akazichukua nywele kadhaa na kuziacha nyingine. Akitaka mistari mikali hupasua kipande chote bila kupenyeza. Kopo ni lilelile. Kilichobadilika ni njia ya mkia.

Pingamizi zito ni la wanaosema kwamba kitana hiki kilibuniwa kwa nywele laini. Wana haki kuhusu meno. Nywele zetu zilizojisokota hukatika kwenye mikunjo, hasa zikiwa zimevimba kwa dawa, na meno yaliyobanana hayafai kupitishwa humo. Lakini hoja hiyo haiugusi mkia. Nywele zifumuliwe kwa vidole au chanuo kuanzia nchani, kisha mkia upasue njia. Anayesuka twende kilioni zilizonyooka kwa mstari mmoja safi tayari ana mkono huo, na inasikitisha kuona ufundi huo ukiwekwa kando mara tu rangi inapoingia. Wengine hutaja balayage, ambayo hupakwa kwa brashi bila foili. Hata humo kinachoachwa huru ni brashi. Nywele zisizotakiwa kuguswa bado hutengwa kwanza, na mara nyingi hutengwa kwa mkia.

Mkia wa chuma hupasua vizuri zaidi, ila una masharti. Baadhi ya metali huharakisha kuvunjika kwa peroksidi, kwa hiyo wakati wa kupaka, kitana cha plastiki au kaboni ni salama zaidi. Ncha nayo ilazwe, isichome: ngozi iliyokwaruzwa huungua kwa amonia na hufungulia mlango kemikali ya PPD, iliyomo katika rangi nyingi nyeusi pamoja na piko ya pwani, ambayo huwadhuru baadhi ya watu vibaya. Ndiyo maana rangi hujaribiwa kwenye ngozi saa 48 kabla.

Kwa hiyo wewe mteja, ukiona bakuli linakorogwa nawe nywele zako bado hazijagawanywa, omba kwa heshima zigawanywe kwanza. Huo si ujuaji. Kichwa ni chako na fedha ni yako.