Sura ya Dukani katika Riwaya ya Snow Crash

Neno avatari asili yake ni Kisanskriti, na maana yake ni kushuka: mungu ashukaye duniani huvaa mwili apate kuonekana na wanadamu. Katika riwaya ya Snow Crash, iliyotolewa Marekani mwaka 1992, Neal Stephenson ameligeuza neno hilo juu chini. Mwanadamu ndiye auachaye mwili wake chumbani, akavaa umbo la nuru, akaingia katika mji usiokuwapo ila ndani ya kompyuta. Watengenezaji wa michezo walikwisha kulitumia neno hili kabla yake, lakini riwaya hii ndiyo iliyolitia katika vinywa vya wengi. Aghalabu kitabu husifiwa kwa kuyabashiri mambo ya intaneti. Sifa hiyo ni ya haki; walakini lililo bora zaidi ndani yake ni hukumu yake juu ya uzuri.

Katika mji huo yasemwa kwamba kila mtu yu huru kuwa mzuri kadiri apendavyo. Lakini kujichorea umbo ni kazi ya ustadi, na asiye na ustadi hununua. Wasichana wa hali ya chini huenda katika duka la Wal-Mart wakanunua umbo liitwalo Brandy. La kiume huitwa Clint. Brandy hupindua nyuso chache tu, zote za kubembeleza. Uso wa uchovu hana, wala wa hasira. Kope zake ni ndefu kupita kiasi, tena zimefanywa kwa urahisi mno. Naye aingiaye kwa kutumia kibanda cha umma huonekana bila rangi, mwenye chengachenga. Basi umaskini uliodhaniwa kuachwa nyumbani humfuata mtu hata huko, ukasomeka usoni pake. Hiro, shujaa wa hadithi, hulala katika ghala la kukodi, lakini kwa kuwa ni fundi, avatari yake hufanana naye mwenyewe. Kufanana na nafsi yako kumekuwa anasa!

Juanita ndiye mhusika aliyefikiriwa kwa kina kuliko wote. Yeye alitengeneza nyuso ziwezazo kuchukua maana, na wenzake wanaume waliidharau kazi hiyo, wakaiona ndogo, ya kuachiwa mwanamke. Alijua walilokosa kujua, kwa sababu katika ujana wake bibi yake alimtazama usoni wakati wa chakula akaitambua siri yake pasipo kuambiwa. Uso wa Brandy hauwezi kusomwa hivyo na bibi yeyote. Ni mzuri, na ni bubu.

Hata hivyo kuna upungufu. Stephenson humcheka mnunuzi wa Brandy kutoka juu, kama mwungwana amchekavyo mtu aliyeazima kanzu. Haulizi ni nani aliyemfundisha msichana yule kwamba uso wake hautoshi, wala hampi nafasi ya kujieleza. Yamkini mwandishi alitegemea wazo la zamani, lile la uzuri wa mkakasi ambao ndani ni kipande cha mti: la nje ni la nje, na la ndani hubaki lilivyo. Wazo hilo halitoshi hapa. Mwaka 2007 Nick Yee na Jeremy Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford walitoa utafiti ambamo watu waliovikwa maumbo mazuri katika ulimwengu wa kompyuta walisogea karibu zaidi na wageni, wakajieleza zaidi. Na waliopewa maumbo marefu walishindana kwa ujasiri zaidi katika kugawana fedha. Maumbo hayo hawakuyachagua wenyewe. Mkakasi, kumbe, waweza kuugeuza mti uliomo.

Ikiwa ndivyo, mvaaji wa Brandy si kichekesho tu. Jioni nzima hutazamwa kama mzuri, akitumia nyuso zile chache alizouziwa, kisha huvua chombo cha machoni akarudi katika uso wake. Saa hiyo ya kurudi ndiyo iliyostahili sura nzima ya kitabu, nayo haimo.