Nguo za St Michael na Namna ya Kuupima Ubora Wake

St Michael ni chapa iliyokaa kwa zaidi ya miaka 70 ndani ya kola na viuno vya nguo zilizouzwa na maduka ya Marks & Spencer ya Uingereza. Kampuni iliamua kuiondoa mwaka 2000, lakini nguo zenyewe hazijaisha, kwani bado huonekana katika maduka ya hisani ya Uingereza, yaani maduka yanayouza vitu vilivyokwisha kutumika ili kuchangia misaada, na baadhi yake hufika Afrika Mashariki ndani ya marobota ya mitumba. Wapenzi wake hawakuwahi kuipenda kwa fahari, maana haikuwa chapa ya matajiri. Waliipenda kwa sababu karani na mfanyakazi wa kiwandani waliweza kununua sweta ya sufu halisi ikawadumu miaka mingi. Hata hivyo lebo pekee haitoshi kuwa ushahidi, na anayetaka kuchagua vizuri hana budi kuigeuza nguo nje ndani.

Chapa hiyo ilisajiliwa mwaka 1928 chini ya uongozi wa Simon Marks, ikapewa jina kwa heshima ya baba yake, Michael Marks, mhamiaji Myahudi aliyeanza biashara mwaka 1884 kwa kibanda katika soko la Kirkgate mjini Leeds. Kilichoitenga na chapa nyingi za wakati wake ni kwamba mwenye duka hakungoja kiwanda kimletee nguo iliyokwisha kushonwa, bali alikipangia masharti ya uzi, kitambaa na mshono, na tangu katikati ya miaka ya 1930 alikuwa na maabara yake ya kupimia vitambaa. Tena kwa muda mrefu maduka hayo hayakuwa na vyumba vya kujaribia nguo. Mnunuzi aliichukua nyumbani, na isipomfaa aliirudisha akapewa fedha zake, hivyo kipimo kilichokosewa kiliweza kumrudia mwenye duka kama hasara.

Ubora huo huonekana wazi zaidi katika sweta ya sufu. Mashine hufuma sweta kwa njia mbili: ama hufumwa kitambaa kizima kinachokatwa kwa mkasi, ama kila kipande hufumwa kwa umbo lake, mashine ikipunguza au kuongeza vitanzi, yaani macho ya uzi yanayoshikana, kwenye kingo za kipande. Njia ya pili hupoteza muda lakini haipotezi uzi, nayo huacha alama ndogo zilizojipanga sambamba na mshono wa kwapa. Mnunuzi asizifurahie alama hizo upesi, kwa kuwa wapo watengenezaji wanaoziiga kwa sindano juu ya kitambaa kilichokatwa. Dawa ni kufuata mistari ya vitanzi kwa jicho: penye alama ya kweli vitanzi viwili huungana kuwa kimoja na mistari hupungua, ilhali penye alama ya kuiga mistari huenda moja kwa moja hadi kwenye mshono ikakatwa hapo. Kisha sweta igeuzwe. Mshono wa shingo uliounganishwa kitanzi kwa kitanzi huwa bapa chini ya kidole. Mshono mnene wa ovaloki, yaani uzi unaozungushwa ukingoni ili kitambaa kisifumuke, aghalabu hudokeza kwamba mkasi umepita. Mwisho, ukanda wa kifundo cha mkono uvutwe na kuachiwa, nao urudi wenyewe mahali pake.

Katika mashati hutazamwa mshono wa ubavuni, ambao kingo zake zikikunjwa na kufichwa kabisa huvumilia kufuliwa mara nyingi, na kama kitambaa kina mistari, mistari ya mfuko ikutane na ya kifua. Sketi na suruali zipimwe kwa upana wa upindo.

Kuhusu nchi iliyoandikwa kwenye lebo, kampuni ilijivunia kwa miongo mingi kwamba sehemu kubwa ya nguo zake ilitengenezwa Uingereza, kisha mwishoni mwa miaka ya 1990 oda zikahamia nchi nyingine. Kwa mfano, William Baird, kampuni iliyoiuzia Marks & Spencer nguo kwa takriban miaka 30, ilikatiwa oda mwaka 1999, ikaenda mahakamani, na mwaka 2001 Mahakama ya Rufani ikaamua dhidi yake. Wapenzi wengi wa chapa huzithamini nguo za Uingereza pekee, lakini maoni hayo ni ya jumla mno, kwa sababu sweta iliyofumwa kwa umbo ni bora kuliko iliyokatwa, popote ilipotengenezwa.

Kwa hiyo anayekuta sweta yenye alama za kweli kwapani asiiache kwa sababu ya tundu la kiwiko, kwani tundu hilo huzibika kwa uzi wa rangi yake. Ile iliyofuliwa kwa maji ya moto hadi sufu ikasinyaa na kuganda aiache, hata kama lebo yake ingali mpya, kwa kuwa sufu iliyoganda hairudi tena katika hali yake.