Alipenda Michezo

Kuna sentensi moja utakayoikuta karibu katika kila kijitabu cha mazishi ya mwalimu huku kwetu, kutoka Litein hadi Longisa: marehemu alipenda michezo. Hukaa ukurasa wa pili, baada ya orodha ya shule alizofundisha na kabla ya habari za kanisa. Nilikuwa nimeisoma mara nyingi hata nikaacha kuiona. Juzi nimeiona tena, kwa sababu kijitabu kilikuwa cha mwalimu wetu wa kandanda, na aliyeombwa kukiandika ni mimi.

Nataka niiseme vibaya sentensi hiyo, kama mhakiki anavyomsema mwandishi mvivu.

Mwalimu alifundisha Hesabu. Kandanda aliifundisha kuanzia saa kumi jioni, saa ambayo mvua ya Kericho nayo huripoti kazini. Uwanja ulikuwa na mteremko, na upande wa chini ulipakana na majani chai. Ukipiga mpira ovyo unaingia kwenye chai, na wewe uliyepiga ndiye utakayeufuata, urudi umelowa hadi kiunoni. Tulijifunza kupiga pasi za chini kwa sababu hiyo tu. Mtu wa namna hiyo hakupenda michezo. Kupenda michezo ni mimi, nikiwa kwenye kochi Jumamosi jioni na chai yangu. Yeye alikuwa anafanya kazi.

Wamarekani wamemtengenezea mtu huyu sanaa yake kamili. Tulizitazama filamu hizo bwaloni, DVD ikikwamakwama: *Remember the Titans* ya mwaka 2000, *Coach Carter* ya 2005. Kocha anaingia mgeni, anafoka, vijana wanamchukia, wanakimbizwa mpaka watapike, halafu wanampenda. Si hadithi ngumu. Lakini nikiiangalia leo naona kwamba inasimama kwa sababu kazi yenyewe kule ina ngazi. Mtu anaanza kama msaidizi katika chuo kidogo, anapanda, anachukuliwa na chuo kikubwa, na katika majimbo mengi mtumishi wa umma anayelipwa kuliko wote, gavana akiwemo, ni kocha wa chuo kikuu, aghalabu wa ile kandanda yao ya kubeba mpira mikononi. Mwandishi wa filamu hana haja ya kubuni njia. Anaifuata tu.

Na bado *Coach Carter* ni bora kuliko inavyosifiwa. Watu hukumbuka Ken Carter akifunga ukumbi wa mazoezi kwa kufuli mwaka 1999 huko Richmond, California, mpaka wachezaji wake wa mpira wa vikapu wasome. Wanasahau kwamba katika filamu timu inashindwa mechi ya mwisho. Hapo ndipo inapopata akili: inakubali kwamba kazi ya kocha haiko kwenye kombe.

Sisi nasi tunayo hadithi yetu ya kocha, ila inatoka Iten. Brother Colm O'Connell alikuja kutoka Ireland mwaka 1976 kufundisha Jiografia katika St Patrick's, bila kusomea ukocha, na akabaki. Peter Rono, bingwa wa mita 1500 kule Seoul 1988, alipitia shule hiyo. David Rudisha alikimbia mita 800 kwa 1:40.91 London 2012 akiwa mwanafunzi wake wa mbio. Simwondolei Brother hata sekunde moja. Ninachoshuku ni wale wanaomwandika. Wanapenda mtu anayefika. Mgeni ana mwanzo mzuri: ndege, vumbi, mshangao. Mwenyeji hana, maana alikuwepo tangu zamani. Rudisha ni wa Kilgoris, jirani zetu kabisa sisi wa Bomet. Baba yake hutajwa, na inafaa, kwa kuwa alipata medali ya fedha ya kupokezana vijiti Mexico 1968. Lakini katika makala nilizosoma, Kilgoris ni mahali pa kuondoka. Hadithi inaanza kupumua akishashuka Iten.

Hapa Kericho tuna Wilson Kiprugut Chumo, shaba ya mita 800 Tokyo 1964, medali ya kwanza kabisa ya Kenya kwenye Olimpiki, kisha fedha Mexico. Alipofariki Novemba 2022 magazeti yalimwandika vizuri. Muulize kijana yeyote mjini nani alileta medali ya kwanza, atakujibu haraka. Muulize nani alisimama kando na saa mkononi, atakuangalia kama umemuuliza jina la aliyepanda chai.

Kwenye kandanda ni pagumu zaidi. Zoo ya Kericho ilipanda ligi kuu mwaka 2017, na kwa miaka michache mwalimu wa shule huku angeweza kuota kwamba kuna mahali pa kupanda. Mwaka 2021 FIFA ikaitoa kwa kesi ya kupanga matokeo. Ngazi ikawa imekatwa juu.

Basi njia ya Mwalimu ilikuwaje? Ilikuwa ya barua. Barua ya ajira, barua ya uhamisho, nyingine ya uhamisho, ya kustaafu. Moja ilimkuta katikati ya muhula wa pili, msimu wa kandanda, siku chache kabla ya nusu fainali. Alihama. Tulifungwa mbili bila. Shuleni kuna ubao wenye majina ya wakuu wote wa shule kwa rangi ya dhahabu, na makombe yako ofisini mwa mkuu, yamefungiwa kwenye kabati la kioo. Jina lake haliko popote.

Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa ya Kimarekani, nakiri. Nilimfanya afoke, kumbe hakuwa mtu wa kufoka. Nilikaribia kutupeleka fainali. Rasimu ya pili ilikuwa orodha ya shule na miaka, safi, imekufa. Nikaenda kumsomea mjane wake jikoni. Alisikiliza huku akitikisa kibuyu cha mursik, akaniuliza, "Na jezi?"

Jezi gani, Mama?

Kumbe jezi za timu zililala kwao nyumbani miaka yote ile. Kila Jumapili baada ya kanisa alizifua yeye, matope ya shule nzima, akazianika kwenye ua. Mvua ikija, watoto wote mbio kuzianua. Katika shule tatu, kwa barua tatu, hakuna aliyewahi kumwambia asante, wala hakuwa ameitarajia.

Nilifuta ile sentensi yangu ya kupenda michezo, nikaandika kwamba kwa miaka kumi na tisa jezi kumi na nne zilianikwa kwenye ua wao kila Jumapili. Mchapishaji alilalamika kuhusu nafasi, tukapunguza picha moja. Siku ya mazishi mshereheshaji aliisoma haraka, kwa kuwa wanasiasa walikuwa wanasubiri kipaza sauti. Tukiwa bado tumesimama Mama akanivuta mkono.

"Kumi na tatu," akasema. "Moja iliibiwa Sotik. Alikatwa mshahara."