Viti Vitatu kwa Wachina, na Pwani Bado Imesimama

Hapa Ziwani ukitaja Wu, mtu atafikiria kwanza China Wu Yi, moja ya kampuni za Kichina zilizotujengea Thika Road. Wu ninayoizungumzia leo ni nyingine. Ni ufalme wa karne ya tatu, kusini mwa mto Yangtze, ambao tangu Mei 2025 unachezeka kwenye Age of Empires II. Uliingia pamoja na mahasimu wake wawili, Wei na Shu, na pia watu wawili wa kaskazini, Wakhitan na Wajurchen. Nyongeza yenyewe inaitwa The Three Kingdoms. Wachezaji wengi, badala ya kushangilia, waliwaka.

Kwa asiyecheza: unaanza na wanakijiji wachache, unakata miti, unachunga kondoo, unachimba dhahabu, unajenga jeshi, na unamvamia jirani kabla hajakuvamia. Gemu ilitoka 1999, na mtaani ilipita saiba hadi saiba kwa CD, baadaye kwa flashi. Vyumba vya PS vya Eastlands ni vya FIFA, hilo halina ubishi, lakini hukosi wasee wawili watatu wa Age, wale wa kubishana saa nzima kuhusu ngamia na mikuki. Kabla ya mechi unachagua wewe ni nani: Mmali, Mwethiopia, Mmongolia, Mchina. Tuite hicho kiti. Viti ni vichache, na kila kinachotolewa ni kauli kwamba hawa walikuwa watu, walikuwa na dunia yao, wanastahili kuwa kwenye ramani.

Sasa hasira ilitoka wapi? Si ati Wachina wamezidi. Wao walikuwemo tangu 1999, kiti kimoja kikibeba Tang, Song na Ming kwa pamoja, na wachezaji wenyewe ndio waliokuwa wakiomba Asia Mashariki iongezwe watu. Waliomba Watangut, waliokuwa na dola ya Xia Magharibi kuanzia 1038 mpaka Wamongolia walipoifuta 1227. Waliomba Watibeti, ambao majeshi yao yaliwahi kuuteka hata mji mkuu wa Tang, Chang'an, mwaka 763. Waliomba Wabai wa ufalme wa Dali, ulioanguka 1253. Hao wote wana lugha zao na majirani zao, na miaka yao inaingia sawasawa kwenye gemu inayohusu enzi za kati.

Walichopewa ni Wei, Shu na Wu: miaka sitini tu, 220 hadi 280, karibu karne mbili kabla ya Roma ya Magharibi kuanguka. Tena wote watatu ni Wachina wa Han, wanaogombania urithi wa dola moja.

Mkenya hahitaji maelezo marefu hapa. Agosti 1991 FORD ilizaliwa ikiwa moja. Kufikia uchaguzi wa Desemba 1992 kulikuwa na Ford-Kenya ya Jaramogi na Ford-Asili ya Matiba, kila moja ikidai ndiyo FORD yenyewe, na Moi akapita katikati. Uchina nako mambo yaliisha hivyo hivyo: Wei, Shu na Wu walisumbuana miongo sita, na aliyekuja kuunganisha nchi mwaka 280 hakuwa hata mmoja wao, ulikuwa ukoo wa Sima. Sasa fikiria gemu ya Kenya inayokupa Ford-Kenya na Ford-Asili kama makabila mawili, halafu Wapokomo na Wataita wanaambiwa hakuna nafasi. Ungekasirika, hata kama Jaramogi ni shujaa wako.

Na mashujaa wamo. Kila ufalme umepewa mmoja: Cao Cao kwa Wei, Liu Bei kwa Shu, Sun Jian kwa Wu. Zamani watu wa aina hii walikaa kwenye kampeni, zile hadithi unazocheza sura kwa sura ukiwa peke yako. Hapa wameletwa mpaka kwenye mechi za ushindani. Ukifungua historia unacheka kidogo. Sun Jian aliuawa mnamo 191, miaka thelathini hivi kabla Wu haijasimama. Cao Cao alifariki mwanzoni mwa 220, na ni mwanawe aliyeiondoa Han mwisho wa mwaka huo na kujitangaza kaisari. Wa tatu, Liu Bei, alikuwa kaisari kweli, lakini kwa miaka miwili tu.

Halafu kuna lililowauma hata wale walioshukuru kupata Wakhitan na Wajurchen. Kampeni tatu zilizoletwa zote ni za falme tatu. Dola za hawa wawili zilipokezana utawala wa kaskazini kwa zaidi ya karne tatu, lakini hazikupata hata kampeni moja. Yaani wageni wameitwa sherehe, wakaketishwa jikoni.

Tuwasikilize pia waliotetea, kwa sababu hawakuongea upuzi. Walisema gemu hii haijawahi kuwa darasa la historia: ndani yake Waazteki hupigana na Waviking, na hakuna anayelia. Walikumbusha kwamba 2021 waliingia Waburgundi na Wasicilia, ambao nao ni tawala zaidi ya kuwa watu. Wengine walisema tu kwamba falme tatu ni tamu kucheza. Yote ni kweli. Lakini kuna jambo moja ambalo utetezi huo hauligusi. Novemba 2024 gemu hiyo hiyo ilileta Athens, Sparta na Waajemi wa kale, na ikawajengea chumba chao, Chronicles, mbali na mechi za ushindani, kwa kuwa zama zao si za gemu hii. Chumba kilikuwepo. Falme tatu zingeingia humo na mashujaa wao wote, na watu wangenunua wakifurahi.

Kwa nini basi zikapewa viti vya sebuleni? Wengine walinong'ona kwamba Watibeti waliachwa nje kwa kuogopa soko la Uchina. Hiyo ni dhana, haina ushahidi. Sababu iliyo wazi zaidi ni hadithi. Falme tatu zina riwaya ya karne ya kumi na nne inayohesabiwa kuwa ya Luo Guanzhong. Zina gemu za Koei tangu 1985, na Total War ya 2019. Jina limeshauzwa kabla hujalitangaza. Watangut waliacha maandishi yao na makaburi ya wafalme wao jangwani, lakini hawana riwaya inayosomwa dunia nzima. Kwa hivyo kiti kilienda kwa mwenye jina. Mwenye historia akaambiwa angoje.

Hapo ndipo habari hii inapoacha kuwa ya Wachina peke yao. Sogeza ramani uilete kwetu.

Mwaka 2015 gemu hii ilipata nyongeza iitwayo The African Kingdoms. Ilileta watu wanne: Wamali, Waberber, Waethiopia na Wareno. Ndiyo, Wareno, ndani ya nyongeza ya falme za Afrika. Tena wana kampeni yao, na mhusika mkuu ni Francisco de Almeida, yule yule aliyeipora Kilwa na kuichoma Mombasa mwaka 1505. Kati ya zawadi zao ni jengo liitwalo Feitoria. Ukishalijenga, linakuletea chakula, mbao, mawe na dhahabu bila mwanakijiji hata mmoja kutoka jasho. Linachukua tu nafasi ya watu ishirini kwenye hesabu yako. Kwa Kireno feitoria ni kituo cha biashara, na mwaka huo huo wa 1505 walijenga ngome Kilwa na nyingine Sofala ili dhahabu ipitie mikononi mwao. Gemu imeugeuza uporaji kuwa jengo linalozalisha lenyewe. Na waliotolewa nafasi zao, sisi wa pwani hii, hatuna kiti. Waswahili wamekuwa wakiombwa na wachezaji kwa miaka. Nyongeza ya falme tatu ilipotoka, walikuwa bado hawamo.

Wanakosa nini? Ibn Battuta alipita Mombasa na Kilwa mwaka 1331 na kuusifu mji wa Kilwa. Kilwa ilipiga sarafu zake za shaba. Mtepe ulisafiri baharini ukiwa umeshonwa kwa kamba za nazi, bila msumari. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walifika Uchina na twiga, na 2013 wanaakiolojia walichimbua Manda, karibu na Lamu, sarafu ya mfalme Yongle wa Ming. Mabaharia wa Zheng He walijua Malindi iko wapi. Miaka mia sita baadaye, kwenye gemu iliyojaa Wachina, Malindi haichaguliki.

Najua jibu linalokuja haraka: basi nasi tupeleke hadithi yetu. Tunaye Fumo Liyongo, mpiga upinde, mshairi, asiyeuawa ila kwa sindano ya shaba kitovuni. Mpe upinde, mpe maisha mengi, muingize sokoni. Inavutia, na nikiwa mchezaji ningemtumia kila mechi. Lakini hiyo ndiyo njia iliyozaa Wei, Shu na Wu. Tutapewa mtu mmoja mwenye jina, na nyuma yake hakutakuwa na mafundi wa matumbawe, mabaharia wa kusi na kaskazi, wala wafanyabiashara wa Sofala. Liyongo aje, lakini aje kwenye kampeni, baada ya watu wake kupewa kiti.

Na usiniambie ni gemu tu. Kijana wa Ziwani aliyefunzwa historia kwa ajili ya mtihani, akaisahau siku ya pili, anakumbuka mpaka leo kwamba Wamongolia walipiga mishale wakiwa juu ya farasi. Hilo alilipata kwenye gemu. Kutoka hapa kwetu ukienda kidogo unafika Kariokor, jina lililotoka kwa Carrier Corps, wale maelfu waliobebeshwa mizigo ya vita vya Waingereza na Wajerumani. Mtaa mzima uliitwa kwa kazi yao, si kwa majina yao. Tunajua kuingia kwenye hadithi ya wengine kupitia mlango wa wapagazi.

Kwa hiyo waliokasirikia falme tatu walikuwa na haki, na nawaomba wasiishie Uchina. Siku nyongeza nyingine ya Afrika itakapotangazwa, kabla ya kuuliza bei, wahesabu viti: wangapi ni watu, wangapi ni majina yanayouzika, na nani kati yao alikuja na mizinga.