Mtunzi: Wimbo wa Asili

Karatasi ya nota ina mahali pake pa jina. Juu, upande wa kulia, chini ya kichwa cha wimbo, ndipo mtunzi anapokaa. Mara nyingine pale hakuna mtu, kuna maneno matatu tu: wimbo wa asili. Halafu, pembeni, jina la aliyepanga sauti nne.

Naimba teno katika kwaya ya katikati ya jiji la Dar es Salaam, na nimeimba nyimbo nyingi za namna hiyo. Nyingine ni nzuri mno. Ninachotaka kujadili ni kwa nini chache zinakuwa nzuri na nyingi zinanyooshwa kama shati la shule mpaka hujui tena zimetoka wapi.

Nianze na iliyofaulu. Mfurahini, Haleluya ni wimbo wa Pasaka ambao Walutheri wengi nchini wanaujua kwa moyo. Maneno yake yaliandikwa mwaka 1966 na Bernard Kyamanywa, akiwa mwanafunzi wa theolojia Makumira, karibu na Arusha. Melodi ni ya Kihaya. Mmisionari wa Kimarekani aliyefundisha hapo, Howard Olson, aliwahimiza wanafunzi walete melodi za kwao wazivike maneno ya ibada. Alizikusanya katika kitabu kilichoitwa Tumshangilie Mungu, na wimbo wa Kyamanywa akautafsiri kwa Kiingereza. Leo unaimbwa na Walutheri wa Marekani pia.

Kwa nini unaimbika? Jibu langu la kwanza ni mkazo. Kiswahili hukandamiza silabi ya pili kutoka mwisho, na si jambo dogo: barabara ya kupita magari na barabara ya "sawasawa kabisa" zinatofautishwa na mkazo peke yake. Sasa chukua melodi ya Kijerumani ambayo mistari yake inatua kwa kishindo kwenye nota ya mwisho. Ivike Kiswahili, na utasikia kanisa zima likiimba "MunGU" na "BwaNA", silabi dhaifu imebeba gunia zima. Tumezoea, hatusikii tena. Lakini mpe wimbo huo mtoto anayejifunza kusoma, uone anavyosita. Melodi ya Kihaya haikutungwa kwa ajili ya Kiswahili, hilo ni kweli, ila imetoka katika lugha ya ukoo mmoja, na Kyamanywa alikuwa na sikio. Maneno yanatua yanapotaka kutua. Hata anayeimba bila kitabu hapotei.

Jambo la pili ni tano sambamba, na hapa naomba uvumilivu wa asiyesoma nota. Imba do, mwenzako aimbe so juu yako, kisha mpande na kushuka pamoja bila kubadilisha umbali huo. Vitabu vya harmonia ya Ulaya, vile vinavyofundishiwa walimu wa kwaya, vinakataza hilo kabisa. Ni kosa la mtihani. Sasa nenda Dodoma. Wagogo huimba hivyohivyo, sauti zikienda sambamba kwa umbali wa nota nne au tano. Ukiwa na rekodi yoyote ya marehemu Hukwe Zawose unaweza kuwasikia. Ni harmonia kamili iliyokuwepo bila msaada wa kinanda cha misheni. Mpangaji aliyefuzu vizuri anapoukuta wimbo huo, anasikia kosa. Analisahihisha. Alto anapelekwa huku, besi anarudishwa kule, kila kitu kinajaa mi za katikati zenye utamu wa biskuti, na juu ya karatasi tunaandika: wimbo wa asili.

Nimewahi kuimba karatasi ya namna hiyo. Tulipigiwa makofi sana.

Maradhi haya hayakuanzia kwetu. Huko Edinburgh, George Thomson alikusanya nyimbo za Uskoti, akazituma kwa watunzi wakubwa wa bara la Ulaya wazipange kwa sauti, piano, fidla na cello. Haydn alipanga nyingi. Beethoven pia: zake 25 za Uskoti, Opus 108, zilichapishwa mwaka 1818. Mara nyingi Thomson alimtumia melodi bila maneno. Beethoven aliyaomba, na alikuwa na haki. Fikiria kupanga wimbo ambao hujui kama ni wa msiba au wa harusi! Matokeo yake ni muziki mzuri wa sebuleni ambamo fidla inajua mengi na wimbo wenyewe umekaa katikati kama mgeni aliyevalishwa suti ya kuazima. Thomson alilalamika kwamba ni migumu kwa wanunuzi wake. Mimi lalamiko langu ni jingine: aliyemwelewa zaidi mwimbaji alikuwa Robert Burns, mshairi aliyezivika melodi za zamani maneno mapya. Kazi yake na ya Kyamanywa ni ndugu.

Kuna atakayesema, na nimeshasemwa, kwamba Kariakoo si mahali pa kulilia asili. Mtaa wenyewe umebeba jina la Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Baada ya vita hiyo, vijana wa mji huu walicheza beni, ngoma iliyochukua bendi za kijeshi za Wazungu pamoja na sare na vyeo vyao. Vikundi vya Marini na Arinoti vilishindana kwa fahari. Hakuna aliyeandika "wimbo wa asili, Ulaya" wala kuomba ruhusa. Naikubali hoja hiyo nusu. Beni ilikuwa upangaji hodari kwa sababu wachezaji waliijua bendi waliyoiiga: waliipigia gwaride, waliisikia asubuhi na jioni. Walichobadilisha, walibadilisha kwa kujua.

Sisi tuliozaliwa Ilala na Kariakoo ndio wenye tatizo. Bibi anazungumza Kihaya, mama anakielewa, mimi nasalimia tu. Kwangu karatasi ya nota si nakala ya wimbo, ndiyo wimbo wenyewe. Mpangaji akifuta tano sambamba, sina pengine pa kuzisikia. Kwa hiyo nataka karatasi iniambie zaidi: lugha gani, ngoma gani, uliimbwa wakati wa nini, nani alimwimbia mpangaji. Mistari miwili inatosha. Nafasi ipo, tunaijaza kwa simu ya mwalimu.

Mfano mkubwa kuliko wote uko kwa majirani. Mwaka 1963 Kenya iliunda tume ya wanamuziki watano kuandaa wimbo wa taifa: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Melodi waliyoichagua ni ya Wapokomo wa Mto Tana, wimbo wa mama wa kubembeleza mtoto. Vyombo vya habari vya Kenya vimemtaja mara nyingi Mzee Meza Galana kuwa ndiye aliyeutoa, lakini watoto wa shule wanaoukariri huo wimbo wangapi wanalijua jina hilo? Kama mkosoaji, ningetarajia kuusema vibaya: bembelezo limepewa tarumbeta na ngoma za gwaride, uwanja mzima umesimama wima, na mtoto hayupo. Ila tume ile iliacha kitu kimoja bila kukigusa. Nyimbo nyingi za mataifa zinang'aa kwa skeli ya meja. Huu umebaki kwenye maina, na kiza chake cha jioni. Uimbe taratibu, bila bendi, kwa mdomo uliofungwa. Mtoto atasinzia kabla hujafika mwisho.