Seva ya Kati Imewaka Voi, na Nairobi Imesogea Karibu!

Jamani, imefanya kazi! Seva ya kati ni kompyuta ndogo ya Linux yenye diski ya SSD, na iko hapa Voi kati ya ofisi yetu na seva ya faili iliyoko Nairobi. Folda ya picha za angani za milima ya Taita, ambayo ukiifungua ulikuwa na muda wa kwenda kuchemsha chai, sasa inafunguka papo hapo. Dawida, Sagalla, Kasigau: bofya tu, picha hii hapa!

Tatizo letu lilikuwa umbali. NFS, njia ya kushiriki faili kupitia mtandao iliyobuniwa na Sun Microsystems mwaka 1984, ina maswali mengi: faili iko wapi, nani anaruhusiwa, ilibadilishwa lini? Kila swali linasafiri zaidi ya kilomita 300, na mwanga ndani ya faiba huhitaji angalau milisekunde 3 kwenda na kurudi. Zidisha kwa folda yenye faili maelfu! Ukilipia kasi kubwa zaidi, safari zenyewe hazipungui hata moja.

Sasa seva ya kati inaunganishwa na folda ya Nairobi kwa neno dogo, fsc, na programu ya cachefilesd inaweka kwenye diski yake nakala ya kila kinachosomwa. Uwezo huu umo ndani ya Linux tangu toleo la 2.6.30, mwaka 2009, na ni wa bure! Wa kwanza kufungua picha husubiri; wanaomfuata wanachota Voi, kama maji ya tangi. Nafasi tupu ya diski ikishuka chini ya asilimia 7, vilivyokaa bila kuguswa vinafutwa hadi ifike 10. Safi sana.

Lakini utamu wote uko kwenye actimeo, chaguo la muda wa kuamini habari za faili. Kwa kawaida NFS huziamini kwa sekunde zisizozidi 60, kisha inauliza tena. Picha za mwaka jana hazibadiliki, kwa hiyo niliandika 3600, na mengi ya maswali yale yakanyamaza!

Kuandika faili bado kunakwenda hadi Nairobi, na kufuli za faili hazitegemeki seva ya kati ikizimika ghafla. Hifadhidata ya mishahara usiipitishe hapa. Na ili seva ya kati iigawe tena folda ya Nairobi kwa ofisi, kwenye /etc/exports yake andika fsid, yaani namba ya kuitambulisha folda, mwenyewe, la sivyo huenda isigawike.

Wenzangu wa Wundanyi, Mwatate na Taveta mnaosoma ramani na picha zilezile kila siku kutoka mbali: anzeni na folda moja ya kusoma tu, wiki hii hii!